Elimu ya Mazingira Nje ya Darasa: Safari ya Hifadhini, Uwanja wa Shule na Suala la Kipi Kitangulie

Katika shule za Tanzania na Kenya, mafunzo ya mazingira yanayofanyika nje ya darasa husifiwa na karibu kila mtu, lakini ni nadra watu wawili wayasifu kwa sababu moja. Mzazi anayeletewa barua ya kuchangia nauli ya kwenda Mikumi au Nakuru huyaona kuwa matembezi ya starehe. Mwalimu mkuu huyafanya zawadi ya wanafunzi waliofaulu vizuri. Mhifadhi huyaingiza katika ripoti yake ya mwaka chini ya uhamasishaji. Na ofisa elimu anapoulizwa kuhusu utekelezaji wa elimu ya mazingira katika eneo lake, hutaja idadi ya miche iliyopandwa. Kila mmoja anazungumzia jambo tofauti, na kwa sababu hiyo mabishano kuhusu iwapo programu hizi zinastahili fedha na muda zinaotumia huzunguka palepale.

Uchambuzi huu unatenganisha mambo yaliyochanganywa, unaeleza yalikotokea, kisha unapima misimamo mitatu inayoshindana pamoja na pingamizi zinazotolewa dhidi ya yote mitatu. Hoja inayojengwa ni kwamba umbali wa safari na wingi wa miche si vipimo vya elimu. Kinachoamua ni kama mwanafunzi alitoka darasani akiwa na swali, na kama alirudi mahali palepale, au kwenye swali lilelile, zaidi ya mara moja.

Mambo manne chini ya jina moja

Mambo yanayoitwa elimu ya mazingira ya nje ni angalau manne. La kwanza ni ziara ya mafunzo, yaani safari ya siku moja au zaidi kwenda hifadhi ya taifa, msitu, kituo cha wanyama au pwani. La pili ni klabu ya wanafunzi, ambayo hukutana baada ya vipindi chini ya mwalimu mlezi na huendeshwa kwa hiari. La tatu ni somo linalofundishwa nje kama sehemu ya ratiba, ambapo mwalimu wa sayansi au jiografia huwatoa wanafunzi kwenda kuchunguza udongo, wadudu au mkondo wa maji ulio jirani. La nne ni kampeni ya vitendo, hasa upandaji miti na usafi wa ufukwe, ambayo mara nyingi hufungamanishwa na siku maalumu kama Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5.

Upo pia mgawanyo wa kinadharia unaosaidia kuyapanga mambo hayo. Mwaka 1972 mtaalamu wa elimu kutoka Australia, Arthur Lucas, alitofautisha elimu kuhusu mazingira, ambayo hutoa maarifa; elimu ndani ya mazingira, ambayo hutumia mahali penyewe kuwa chombo cha kufundishia; na elimu kwa ajili ya mazingira, ambayo hukusudia kubadili mwenendo na kuzalisha hatua. Ziara huahidi zote tatu kwa pamoja, somo la nje huelekea zaidi kwenye mbili za kwanza, na kampeni huruka moja kwa moja hadi ya tatu. Sehemu kubwa ya malalamiko hutokana na programu ya aina moja kuhukumiwa kwa ahadi ya aina nyingine.

Usuli: mikondo mitatu iliyokutana shuleni

Mkondo wa kwanza ni wa uhifadhi wa wanyamapori. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, na Tanzania ikafuata kwa kuanzisha klabu za Malihai mwaka 1980, makao yake yakiwa Arusha. Mwaka 1991 Jane Goodall, ambaye alikuwa ameanza kuchunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, alikutana jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa programu ya Roots & Shoots, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi. Mkondo huu ulirithi mtazamo kwamba mazingira ni hifadhi na mnyama mkubwa, na kwamba tatizo la msingi ni raia kutojua thamani ya kile ambacho watalii wanalipia kukiona.

Mkondo wa pili ni wa kazi. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba na kujifunza kutokana na matokeo yake. Nchini Kenya, klabu za 4K zilizoanza mwaka 1962 zilikuwa na shabaha inayokaribiana na hiyo katika kilimo, na zilizinduliwa upya mwaka 2021. Katika utekelezaji, sehemu ya kupanga na kuuliza ilififia katika shule nyingi, ikabaki jembe. Kufyeka nyasi, kumwagilia bustani na kuchota maji vikawa wajibu wa kila siku na, pale nidhamu ilipovunjwa, vikawa adhabu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki hakukosa kutoka nje. Alitoka mno, ila alitoka kufanya kazi asiyoelezwa inahusianaje na somo lolote.

Mkondo wa tatu ni wa kimataifa. Mkutano wa Stockholm wa mwaka 1972, Mkataba wa Belgrade wa mwaka 1975 na mkutano wa serikali mbalimbali uliofanyika Tbilisi mwaka 1977 viliweka malengo ambayo bado yananukuliwa: ufahamu, maarifa, mwelekeo, stadi na ushiriki. Malengo hayo yaliingia katika sera na mitaala ya nchi za eneo hili, lakini yaliingia kwa lugha pana mno, kiasi kwamba elimu ya mazingira ikatakiwa kusambazwa katika masomo yote, na jambo lililo la masomo yote likawa halina mwalimu wala kipindi chake. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, ulirekebisha hali hiyo kwa kiasi kwa kuweka Shughuli za Mazingira kama eneo la kujifunza katika madarasa ya mwanzo.

Msimamo wa kwanza: mpeleke mtoto hifadhini

Watetezi wa ziara husema kwamba hakuna picha ya kitabuni inayoweza kuchukua nafasi ya kuona. Mtoto wa Temeke au Kibera anaweza kumaliza shule bila kuona msitu wenye tabaka za miti, na mtoto wa Bunda anaweza kulala macho akiwafukuza tembo shambani bila kuingia hata mara moja katika Hifadhi ya Serengeti wanakotoka tembo hao. Hoja hii ya pili ina uzito wa haki: wanaobeba gharama ya wanyamapori mara nyingi ndio wasioonja manufaa yake, na kumfungulia mtoto wao geti la hifadhi ni sehemu ndogo ya deni hilo.

Mfano ulio bora wa msimamo huu ni Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho hifadhi yake ya matumbawe ilitangazwa rasmi mwaka 1994. Mapato ya wageni wanaolala kisiwani hugharimia safari za wanafunzi wa Unguja, ambao huingia majini na kuona kwamba matumbawe ni viumbe hai, tofauti na dhana iliyozoeleka kwamba ni mawe. Kinachoitofautisha programu hiyo na matembezi ya kawaida ni kwamba walimu huandaliwa kabla ya safari. Isitoshe, kwa wasichana wengi wa visiwani ambao hawakufundishwa kuogelea, safari hiyo huwa mara ya kwanza kuitazama bahari kutoka ndani yake.

Udhaifu wa msimamo huu uko sehemu tatu. Kwanza, gharama yake inategemea mifuko isiyo ya shule. Utalii ulipoporomoka mwaka 2020 kutokana na janga la UVIKO-19, kila programu iliyotegemea fedha za wageni iliyumba. Pili, idadi ya wanaofikiwa ni ndogo, na mara nyingi huchaguliwa kwa uwezo wa mzazi kulipa au kwa ufaulu, vigezo visivyohusiana na mahitaji ya elimu yenyewe. Tatu, ugeni wa mahali huweza kumeza somo. Mwaka 1978 John Falk na wenzake walionyesha kwamba watoto waliopelekwa mahali wasipopajua walishughulika kwanza kupazoea, na kazi waliyopangiwa ikawafundisha kidogo kuliko ilivyowafundisha wenzao waliopafahamu. Nir Orion na Avi Hofstein, waliochunguza ziara za jiolojia za wanafunzi wa sekondari nchini Israel na kuchapisha matokeo mwaka 1994, waligawa ugeni huo katika sehemu tatu: ugeni wa dhana zinazofundishwa, ugeni wa mahali, na ugeni wa namna siku itakavyokwenda, kuanzia chakula hadi saa ya kurudi. Wanafunzi walioandaliwa katika sehemu zote tatu walijifunza zaidi. Tafsiri yake ni kwamba basi linaloondoka alfajiri bila maandalizi ya darasani limekwisha kupoteza sehemu ya thamani yake kabla ya kufika.

Msimamo wa pili: anza na uwanja wa shule

Msimamo wa pili unadai kwamba mazingira ya kwanza ya mtoto ni yale anayopita kila asubuhi: korongo linalokua nyuma ya vyoo, mwembe wa uwanjani, dampo la mtaa, shamba la jirani. Hapa gharama ya usafiri ni sifuri, na faida kubwa ni marudio. Mwanafunzi anayepima kina cha korongo lilelile kabla ya masika na baada yake huelewa mmomonyoko wa udongo kama jambo lenye mwendo na sababu, ilhali anayeonyeshwa korongo kubwa mara moja safarini hulikumbuka kama mandhari.

Utafiti unaupa msimamo huu nguvu kwa njia mbili. Franz Bogner, katika utafiti wa mwaka 1998 uliohusu programu za ikolojia katika hifadhi ya taifa ya Bavaria, Ujerumani, alilinganisha programu ya siku moja na ya siku tano, akaona kwamba zote ziliongeza maarifa lakini ile ndefu ndiyo iliyogusa mwenendo. Kama muda na marudio ndivyo vinavyobadili mwenendo, basi mahali panapofikika kila wiki pana faida ambayo mbuga ya mbali haiwezi kuwa nayo. Naye mwandishi wa Marekani David Sobel alionya mwaka 1996 kwamba mtoto mdogo anayefundishwa majanga ya dunia kabla ya kujenga uhusiano na mahali pake huweza kuingiwa na hofu na kujitenga na maumbile badala ya kuyajali.

Faida nyingine ni kwamba mahali pa karibu huleta maarifa ya wenyeji shuleni. Huko Shinyanga, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi, zilifufuliwa kwa wingi kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Mzee anayejua kwa nini ngitili hufungwa ana somo la ikolojia ambalo mwalimu aliyetoka mkoa mwingine hana. Katika pwani ya Kenya, misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, inaonyesha kwamba uhifadhi uliendeshwa kwa miiko kabla ya kuendeshwa kwa sheria. Darasa linalofika huko humfundisha mtoto kwamba jamii yake si mharibifu tu anayesubiri kuelimishwa, fundisho ambalo ziara ya hifadhini, hasa pale wazee wake walikohamishwa ili hifadhi ipatikane, haiwezi kulitoa kwa urahisi.

Hata hivyo, msimamo huu hauna wepesi unaodaiwa. Unahitaji mwalimu anayejua kutambua mimea, kuuliza maswali yasiyo na jibu la kukariri, na kulidhibiti darasa lisilo na kuta, huku kiwango rasmi cha Tanzania cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi kikivukwa katika shule nyingi. Baadhi ya viwanja vya mijini ni vumbi tupu lisilo na mti. Pia, kwa kuwa historia ya jembe bado ina makali, somo la nje huteleza kwa haraka na kuwa kazi ya usafi. Zaidi ya hayo, yapo mambo ambayo hayapatikani jirani kabisa: mtoto wa Dodoma hawezi kuona mikoko kwa kuchunguza uwanja wake.

Msimamo wa tatu: vitendo kwanza

Wanaotetea vitendo husema kwamba dunia haina muda wa kusubiri kizazi kielimike, na kwamba mtoto hujifunza kwa kufanya. Wana kielelezo chenye heshima katika Wangari Maathai, ambaye Vuguvugu lake la Green Belt lililoanza mwaka 1977 liliunganisha mche na haki za raia hadi akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Serikali ya Kenya nayo imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na shule ni sehemu ya nguvukazi inayotegemewa.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unazalisha kitu kinachoonekana na humpa mtoto hisia kwamba anaweza kubadili jambo. Udhaifu wake unatokana na hicho kinachoonekana. Miche huhesabiwa siku ya kupandwa, mbele ya kamera na mgeni rasmi, na huhesabiwa kwa nadra baada ya kiangazi cha pili. Mwanafunzi hachagui aina ya mti, haambiwi kwa nini mkalitusi haufai kandokando ya chemchemi, na likizo ikifika hakuna anayemwagilia. Maathai hakuanza na mche. Alianza na swali la wanawake waliokosa kuni, maji na udongo wenye rutuba, na mche ukawa jibu. Kampeni inayoleta jibu bila swali hutoa mafunzo ya utii zaidi ya mafunzo ya mazingira.

Pingamizi: mtihani, fedha na usalama

Upo upande usiopinga mazingira bali unaopinga kutoka. Hoja yake ya kwanza ni mtihani: pale ambapo hatima ya mtoto huamuliwa na karatasi ya maswali ya kuchagua, saa mbili za kuchunguza mchwa ni saa mbili zilizotolewa katika mazoezi ya mtihani. Mwalimu anayefikiri hivyo hana uvivu. Anasoma kwa usahihi mfumo unaompima. Dawa inayopendekezwa, yaani kuipa kazi ya nje alama katika tathmini, nayo ina madhara yake, kwani Kenya ilipotia mkazo katika miradi ya wanafunzi, wazazi wengi walilalamika kwamba wao ndio walioishia kununua vifaa na kuifanya kazi hiyo nyumbani.

Hoja ya pili ni fedha. Elimu bila ada, iliyoanza Tanzania Januari 2016 kufuatia waraka wa mwaka 2015, iliondoa michango ya lazima na hivyo kuwalinda wazazi maskini, lakini ruzuku ya uendeshaji, ambayo imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, haiwezi kukodi basi. Matokeo yake ni kwamba ziara zimebaki kwa kiasi kikubwa kuwa za shule binafsi na za shule zilizobahatika kupata mfadhili.

Hoja ya tatu ni usalama. Ajali ya Karatu ya Mei 2017, ambapo basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni na kuua watu zaidi ya 30, ilitokea wakielekea kwenye mtihani wa ujirani mwema wala si katika ziara ya mazingira, lakini iliacha woga unaoeleweka kuhusu kila safari ya shule. Hatari hiyo ni ya barabara na vyombo vya usafiri kuliko ya maumbile, na huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa hiyo hoja ya usalama, ikifuatwa hadi mwisho wake, haifungi mlango wa darasa bali inapunguza kilomita.

Kupima

Mvutano ulio chini ya misimamo yote ni kati ya kina na uenezi: bajeti moja inaweza kuwafikisha watoto wachache mahali pa ajabu, au kuwafikisha wengi mahali pa kawaida mara nyingi. Ushahidi uliotajwa unaelemea upande wa marudio na maandalizi, na mambo hayo mawili ni rahisi zaidi karibu na shule. Hivyo, shilingi ya kwanza inafaa itumike kumwandaa mwalimu na kutenga kipindi katika azimio la kazi, kabla ya kukodi chombo cha usafiri.

Hata hivyo, kuifuta ziara kungekuwa kosa. Ziara ina kazi ambayo uwanja hauwezi kuifanya, yaani kumwonyesha mwanafunzi mfumo wa ikolojia asioweza kuufikia kwa miguu na kumpa kipimo cha kulinganishia mahali pake. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi ziara inapowekwa mwishoni mwa mada, katika madarasa ya juu, kwa wanafunzi waliokwisha kuchunguza jambo lilelile jirani. Nafasi zikiwa chache, kigezo cha haki ni kuwatanguliza watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa sababu kwao hifadhi ni jirani mwenye nguvu wanayepaswa kumwelewa na kumhoji, na kwa sababu usafiri wao ni mfupi na wa bei nafuu.

Vitendo navyo vinafaa kuja baada ya uchunguzi. Shule iliyopima korongo lake ina sababu ya kupanda nyasi na miti pembezoni mwake, ina uwezo wa kuchagua aina inayofaa, na ina daftari la kuonyesha kama jitihada zimefaulu. Kipimo cha kampeni kingebadilishwa kutoka miche iliyopandwa hadi miche iliyo hai baada ya miaka miwili, idadi zingeshuka, lakini zingeanza kueleza jambo la kweli. Kuhusu tathmini, alama ndogo inayotolewa kwa daftari la uchunguzi lililojazwa shuleni, chini ya macho ya mwalimu, ingepunguza kishawishi cha kuhamishia kazi kwa wazazi, ingawa ingeongeza mzigo wa usahihishaji ambao wizara ingelazimika kuutambua katika ikama ya walimu.

Muhtasari

Mkanganyiko kuhusu elimu ya mazingira ya nje unatokana na kuziita kwa jina moja shughuli nne zenye malengo tofauti, na unazidishwa na historia iliyoifanya kazi ya nje kuwa wajibu au adhabu na hifadhi kuwa mahali pa wengine. Ziara ina mvuto na haki upande wake, lakini ni ghali, huwafikia wachache, na bila maandalizi hufundisha kidogo. Uwanja wa shule hutoa marudio na hupokea maarifa ya wenyeji, lakini humtegemea mwalimu aliyeandaliwa na huzuiwa na wingi wa wanafunzi. Vitendo huzalisha matokeo yanayoonekana, lakini vikitangulia uchunguzi hugeuka maonyesho. Pingamizi za mtihani, fedha na usalama ni za kweli, na zikipimwa kwa makini zinaelekeza kwenye programu za karibu zinazorudiwa, si kwenye kubaki ndani. Mpangilio unaojitokeza ni mmoja: uchunguzi wa karibu uwe msingi kwa wote, safari ya mbali iwe hatua ya juu inayogawiwa kwa haki, na vitendo vifuate kile kilichogunduliwa. Mpangilio huo unahitaji uwekezaji wa kwanza kwa mwalimu, ambaye hadi sasa ndiye anayefikiriwa mwisho katika bajeti za programu hizi.